Ungepewa kalamu ya kuamua mambo ya afya siku moja, ungeanza na nini?

Mtoto wa Likoni
Asalam aleikum wanajamvi. Leo nimerudi kliniki na mamangu nikawa sina hata nguvu ya kukasirika, nikasema wacha niandike. Mama ana sukari na presha, kila mwezi tarehe yake ikifika twatoka Likoni alfajiri, feri ni bure alhamdulillah lakini kubanana kule na miguu yake mwajua, kisha matatu, tukifika hospitali (jina silitaji) tuko nambari arubaini na kitu. Benchi mpaka saa sita, daktari amtizama dakika tano, aandika dawa zilezile za mwezi jana, twenda dirishani twaambiwa metfomini ya sukari iko, ya presha hakuna, kanunueni nje. Kadi ya SHA, hii bima ya afya ya serikali, anayo, mchango nishalipa mwaka mzima, sasa nje nanunua na nini?

Mie nikipewa kalamu siombi mashine wala jengo la gorofa kumi. Nataka wagonjwa wa presha na sukari waliotulia wapewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo. Mbona wanaotumia ARV, dawa za ukimwi, wapewa hivo na hakuna kilichoharibika? Halafu dirisha la dawa waandike ubaoni asubuhi kipi kiko kipi hakiko, mtu ajue kabla hajapanga laini. Na choo jamani kiwe na maji, mtu wa sukari aenda haja ndogo mara ngapi kwa siku! Nyinyi je?

Abu Tuktuk
Waaleikum salam. Langu moja tu, malipo ya mwaka. Zamani kwa NHIF, ile bima iliyokuwepo kabla ya SHA, sisi wa jua kali ilikua mia tano kila mwezi, chungu lakini mtu ajikaza. Tulipohamishwa SHA Oktoba 2024 wakasema ya chini ni 300 kwa mwezi, kwa mdomo nafuu, ila wataka mwaka mzima pamoja, ni 3,600 hiyo kwa mara moja, na hapo ni kama umepimwa uwezo ukaonekana huna kitu. Yale maswali ya nyumba yako ina ukuta gani choo gani, mie nikajibu kweli ni nyumba ya mawe, ikapanda. Nyumba ya urithi hiyo tuko ndugu saba ndani! Na tuktuk si yangu, jioni napeleka hesabu kwa mwenyewe. Wameleta ile ya kulipa polepole lakini ule ni mkopo, mie sitaki deni la ugonjwa ambao sijaugua. Pesa zetu ni za kila siku, basi na wao wachukue kila siku, shilingi kumi ishirini kwa Mpesa jioni nani atakataa.

Ticha Kisauni
Abu shukuru wewe waulizwa, sisi wa payslipi 2.75 kwa mia yaenda kabla hujaiona. Na tuseme ukweli si wote walioumia, mwenye mshahara wa 20,000 alikua akatwa 750 sasa ni 550, wa laki ndo aliruka kutoka 1,700 mpaka 2,750. Sina neno kulipa zaidi maskini atibiwe. Ninachotaka ni kila hospitali ibandike mlangoni, mwezi huu tumeidai SHA kiasi hiki, tumelipwa kiasi hiki, deni hili. Sahi ukiuliza dawa ziko wapi hospitali yasema kaunti, kaunti yasema SHA, SHA yasema tushalipa, na wewe wasimama hapo na karatasi yako mkononi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mie niko upande wa pili wa hilo dirisha kwa hivo nivumilieni. Mtoto wa Likoni, miezi mitatu ni wazo zuri na mamako ndo hasa wa kupewa, lakini zile ARV kwa miaka zimekua zikilipiwa na wafadhili, PEPFAR ya Marekani na Global Fund, ndo maana stoo zilikua hazikauki, na 2025 Marekani ilipofunga mfereji si mliona watu walivobabaika. Za presha zanunuliwa na kaunti kutoka KEMSA, lile shirika la serikali la kusambaza dawa, deni la zamani likiwa halijalipwa oda yakaa. Nikimpa mama vidonge tisini leo, wawili walio nyuma yake warudi mikono mitupu, na ni mie watakaonitukana.

Kwa hivo ombi langu latangulia lako, pesa inayokusanywa hospitali ibaki hospitali. Sheria iko tangu 2023, twaiita FIF, hakuna haja ya kuandika nyingine. Na kabla hamjasema manesi wana midomo, njooni mhesabu tuko wangapi wodini saa nane ya usiku. Ule mgomo wa madaktari wa 2024, siku 56, kisa kikubwa kilikua intern, wale madaktari wa mafunzo, kupangiwa vituo na malipo yao. Mie namjua kijana kasomea kazi ya clinical officer yuwauza mitumba soko la Kongowea.

Mdigo wa Ng'ambo
Nyinyi wa mjini mwalilia laini, sisi wa Kwale twalilia barabara. Ugonjwa ukishinda hospitali ya Msambweni ni Makadara, ile hospitali kuu ya rufaa ya Pwani huko Mombasa, na si sisi tu, Kilifi, Taita, Tana River, Lamu wote hapo hapo. Nataka kabla mgonjwa hajapakiwa ambulensi simu ipigwe, kitanda kiko au hakiko. Shangazi yangu alifikishwa hospitali fulani ya rufaa usiku ICU, wodi ya mahututi, imejaa, akazungushwa saa mbili ndani ya gari, Mungu tu. Katiba kifungu 43 yasema mtu hanyimwi matibabu ya dharura. Hakunyimwa, aliambiwa hakuna pa kulala.

Mtoto wa Likoni
Pole sana Mdigo. Nesi umenifunga mdomo, wale walio nyuma ya mama sikuwafikiria. Lakini yule dada wa afya wa mtaani kwetu, hawa waliopewa mikoba 2023, ana mashine ya presha na ya sukari. Si ampime mama nyumbani, dawa tuchukue zahanati ya karibu, huko ng'ambo twende akizidiwa tu?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hapo sasa wanena! Zahanati na vituo vya afya chini ya SHA ni bure, hata mchango hauulizwi, lazima tu awe amesajiliwa. Nenda asubuhi uulize siku yao ya kliniki ya presha, na ile kadi yake ya hospitali usiisahau, bila hiyo watamwanza upya.

Abu Tuktuk
Siku hiyo nipigie nimpeleke mama. Pesa sitaki, nitilie mafuta tu 😂