Msaada wa haraka: mtoto kang'atwa na nyigu, nimpake nini?

Mjomba_Chamazi: Wakuu, habari za usiku. Mtoto wa dada yangu kaja kwangu likizo. Jioni hii kachokoa kiota cha nyigu kibarazani kwa mti wa ufagio, wakamng'ata. Nimempaka kitunguu maji, nikaongeza majivu, bado analia. Kuna dawa gani ya nyumbani ya uhakika? Naomba majibu ya maana, nina hofu.

Bibi_wa_Tandika: Pole mwanangu. Kata shubiri mwitu, ule ute mpake palepale. Sisi tumekuzwa hivyo. Siku hizi mtoto akiumwa na siafu mnakimbilia kwenye simu.

Fundi_Gipsamu: Dawa ni kutoa kiota. Mimi nakutana nao kila siku chini ya bati. Kuna nyumba moja Goba nilifungua ubao wakanishukia usoni, ngazi niliiacha hukohuko, na mwenye nyumba akakata hela yangu eti kazi sijamaliza! Ila usitie petroli na kiberiti, utaunguza nyumba.

Chumvi_Kiasi: Nyigu siki, nyuki magadi. Sumu ya mmoja ni asidi, ya mwingine alkali. Tulifundishwa shule.

Nesi_wa_Zamu: Hiyo kanuni haisaidii, sumu iko chini ya ngozi na siki inabaki juu. Mwiba pia usiutafute. Nyuki ndiye anayeuacha, nyigu anachomoa na kurudia. Toa majivu, osha kwa sabuni, funga barafu kwenye kitambaa umkande kama dakika 10. Sasa nijibu: ana umri gani, kang'atwa wapi, na kuna chochote kilichobadilika mbali na hapo alipong'atwa?

Mjomba_Chamazi: Miaka sita. Shingoni na mkononi. Barafu nimeweka, asante.

Nesi_wa_Zamu: Swali la mwisho umeliruka.

Mama_Tabata: Kaka, jibu. Hapo ndipo penye shida.

Mjomba_Chamazi: Midomo imevimba kidogo, na ana vipele tumboni. Nimeshampa piritoni. Mwaka jana huko kwao Tabora aling'atwa akatapika na macho yakaziba, lakini alipona bila hospitali, ndiyo maana sikutaka kukuza mambo. Usiku huu ni foleni tu, na dada akisikia hatalala. Nimepanga asubuhi mapema.

Nesi_wa_Zamu: Asubuhi ni mbali. Kang'atwa shingoni na mkononi, vipele viko tumboni na midomo imevimba: huo ni mzio wa mwili mzima, na mwaka jana ulishampa dalili. Piritoni inapunguza muwasho, haizuii koo kuziba. Anahitaji hospitali yenye sindano ya adrenalini, siyo duka la dawa. Akilegea mlaze, miguu juu. Akipumua kwa shida mwache akae. Usimnyweshe kitu.

Mpelelezi_Huru: Wakuu mnanyweshwa chai ya tangawizi. Akaunti ya leo. Nyigu na usiku wapi na wapi? Mtoto anavimba, mjomba anaandika insha yenye nukta na mkato. Weka picha.

Bibi_wa_Tandika: Kasema jioni. Soma vizuri kijana.

Chumvi_Kiasi: Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Mwanzo alisema analia tu, mengine yanakuja kwa mafungu.

Mama_Tabata: Iwe chai isiwe chai, kuna mzazi atausoma uzi huu mtoto wake akiwa hivyohivyo. Binamu yangu aling'atwa mdomoni, nyigu alikuwa ndani ya chupa ya soda. Tulikuwa bado tunabishana ndimu au chumvi, sauti ikaanza kukwama. Bodaboda ndiyo iliyomwahisha.

Mpelelezi_Huru: Picha bado.

Mjomba_Chamazi: Mtoto wa watu simweki mtandaoni. Ameanza kukohoa. Bajaji iko mlangoni, tunatoka.

Nesi_wa_Zamu: Ukifika usipange foleni. Sema mlangoni: mzio, midomo imevimba, anakohoa.

Fundi_Gipsamu: Tupe taarifa mkuu.

Mjomba_Chamazi: Walimpokea hapohapo. Kachomwa sindano pajani, midomo inashuka, kikohozi kimetulia. Wanasema tukae tuangaliwe kwanza kwa saa kadhaa, maana hali inaweza kurudi hata baada ya sindano. Dada nimempigia. Kwa hali aliyokuwa nayo mwanzo, bila ninyi ningeendelea na kitunguu tu.

Bibi_wa_Tandika: Alhamdulillahi.

Mpelelezi_Huru: Cheti cha hospitali je?

Nesi_wa_Zamu: Kabla hamjaruhusiwa, muulize daktari kama kuna uwezekano wa kuwa na sindano yake. Na mama yake aambiwe wazi, akirudi Tabora aking'atwa tena wasisubiri midomo ivimbe.

Fundi_Gipsamu: Kiota bado kipo? Usikiguse mwenyewe. Kama ni kikubwa piga 114, zimamoto. Kama ni kidogo nitumie ujumbe, kesho niko Mbande.