Rangi ya mafuta au akriliki kwa michoro ya Tingatinga?

Swali
Ndugu wachoraji, nimejifunza mtindo wa Tingatinga kwa rangi ya mafuta, ile inayopakwa milango na madirisha, lakini harufu yake inanisumbua kifua. Je, nikihamia akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, mchoro utabaki kuwa Tingatinga?

Jibu la kwanza
Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, alitumia vibao vya mraba vya kutengenezea dari na rangi ya makopo kwa sababu ndivyo vilivyopatikana madukani kwa bei nafuu, hivyo mtindo ulizaliwa kutokana na vifaa vilivyokuwepo. Hata hivyo, mng'ao ule wa rangi ya mafuta, pamoja na jinsi inavyojitandaza yenyewe na kufuta alama za brashi, ndiyo ladha ninayoitafuta. Akriliki hukauka haraka mno, nami hupenda kusubiri usuli, yaani rangi ya nyuma ya mchoro, ukauke usiku kucha huku nikimuwaza mnyama nitakayemchora.

Jibu la pili
Shikamoo mwalimu. Mimi hutumia akriliki, kisha hupaka vanishi, na mng'ao hurudi, ingawa si wote. Kuhusu kifua, chorea barazani.

Muuliza swali
Ahsanteni. Baraza ninalo, ila vumbi hunasa kwenye rangi mbichi. Nitaanza kwa kujaribu akriliki kwenye usuli pekee, na madoa ya chui nitayaweka kwa rangi ya mafuta.