Nyuzi za mapazia ya kampavani zimekatika: nirekebishe au ning'oe yote?

Lanet Barabarani

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa mahali pasipofaa.

Mimi na mzee wangu tulinunua kampavani (gari la kulala na kupikia safarini) iliyotumika, Fiat Ducato ya usukani wa kulia iliyotengenezewa Uingereza. Injini haina neno, kitanda safi, jiko linawaka. Shida ni madirisha ya nyuma. Si ya kioo, ni ya akriliki ya tabaka mbili, na kila moja lina fremu ya plastiki kwa ndani. Ndani ya fremu hiyo neti ya mbu inavutwa kutoka upande mmoja, na pazia la mikunjo kutoka upande wa pili.

La mezani, ambalo ndilo kubwa, uzi umekatika na ufito wa alminiamu ulioshika ukingo wa pazia unaning'inia mshazari. La kitandani linapanda vizuri lakini halikai, ukiliacha linashuka lenyewe. La jikoni kitambaa kimechoka, kwenye mikunjo naona mwanga unapita.

Nimeuliza bei ya kuagiza fremu mpya kutoka Ulaya. Ukijumlisha usafiri na ushuru, afadhali ninunue ndama. Fundi mmoja wa viti hapa Nakuru ameniambia ning'oe kila kitu anishonee mapazia ya kawaida. Mzee amekubaliana naye papo hapo. Mimi roho inasita. Tunataka kwenda Baringo halafu tushuke Kisumu, na mbu wa huko wote mnawajua. Nifanyeje?

Shona Twende

Fundi wako amesema kweli. Mimi nashona viti na mapazia ya matatu na mabasi ya shule, na vitu hivyo vya nyuzi vimenisumbua kila nilipoletewa. Ng'oa, weka waya wa pazia ule wa springi wenye ngozi ya plastiki, kulabu mbili kila upande, kitambaa kizito chenye bitana nyeusi. Asubuhi moja kazi imekwisha, na kikichafuka unafua.

Konda Mstaafu

Mimi hata huko kwa fundi singefika. Karatasi ya foili yenye vipovu, unakata kwa umbo la dirisha, unabandika. Giza tii. Mchana unakunja unaweka chini ya godoro.

Bisibisi

Dada Lanet, using'oe kitu kwanza. Ukitoa fremu, neti ya mbu inaondoka nayo, maana viwili hivyo vinaishi nyumba moja. Shona Twende hajakwambia hilo, na wewe umesema unakwenda Baringo na Kisumu.

Anza na la kitandani, ndilo rahisi. Pazia la namna hiyo halina breki. Linakaa ulipoliacha kwa sababu nyuzi zimekazwa na springi ndogo, na msuguano wa uzi kwenye pembe za ufito ndio unaolishika. Uzi ukilegea, ufito unateleza. Fungua fremu ukutani (skrubu huwa zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, vinyanyue kwa ncha ya kisu), ilaze juu ya blanketi, tafuta fundo mwishoni mwa kila uzi. Fungua, vuta kidogo, funga tena. Zivute zote sawasawa, la sivyo ufito utapanda umeinama. Usikaze kupita kiasi pia: fremu nyembamba itajipinda katikati na pazia litaanza kukwaruza.

La mezani lina kazi zaidi, lakini ni kazi ya subira tu. Kabla hujagusa chochote piga picha za pembe zote nne kwa simu. Uzi hauendi wima moja kwa moja. Unatoka pembe ya juu, unapenya vitundu vya mikunjo, unaingia ndani ya ufito, unavuka hadi upande wa pili, ndipo unatokea na kushuka chini. Huko kuvuka ndiko kunakofanya ufito ubaki sawa hata ukiusukuma kwa mkono mmoja. Ukiupitisha wima tu pazia litafanya kazi, ila kila ukilifunga litakwenda pogo.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ule mzima uache mahali pake ukuonyeshe njia, halafu nao uubadilishe, maana una umri uleule na jua lileile. Kama kipande cha zamani kimebaki ndani, gusisha ncha yake na ncha ya uzi mpya kwa tone la supaglu. Usifunge fundo, halitapita. Likikauka vuta taratibu, uzi mpya utafuata. Kama kimetoka chote, loweka ncha ya uzi mpya kwenye supaglu, iache ikauke, ikate mshazari. Hapo uzi wenyewe umekuwa sindano.

La jikoni: weka ukucha kwenye mkunjo, bonyeza kidogo. Kikipasuka kama karatasi, usipoteze uzi wako hapo.

Lanet Barabarani

Asante sana Bisibisi. Nimejaribu ukucha jikoni, umepenya moja kwa moja. Hayo mengine mawili kitambaa bado kigumu. Sasa huo uzi nauuliza kwa jina gani dukani? Hadiwea ya hapa karibu wamenionyesha kamba ya kuanikia nguo.

Nyar Dunga

Njoo Kisumu dada. Kwa wauza vifaa vya uvuvi kuna nyuzi za nyavu za kila unene, bei ya maandazi. Yangu nilifunga za nyavu na zinashika.

Bisibisi

Nyar Dunga, zinashika, lakini nyingi ya hizo ni nailoni. Nailoni hunywa unyevu na kunyooka. Zako ulizikaza mara ngapi msimu wa mvua?

Nyar Dunga

😂 Hilo swali nitalijibu mbele ya wakili wangu.

Bisibisi

Basi. Dada Lanet, tafuta uzi wa poliesta uliosukwa, si uliosokotwa. Wanaouza mapazia ya ofisini huwa nao, ila wao hutumia mnene, kwa hiyo nenda na kipande cha zamani ukilinganishe. Fremu nyingi za aina hiyo zinataka uzi wa karibu milimita moja. Uzi mwembamba wa kuvulia uliosukwa una nguvu sana, ila wembamba wake unageuka msumeno: baada ya muda unachonga plastiki ya pembe. Ule wa mafundi viatu una nta, unashika vumbi, na vumbi la njia ya Baringo mnalijua.

Kwenye pembe angalia vipete ambamo uzi hupita. Kama kimoja kina mfereji au kimevunjika ukingo, hicho ndicho kilichokata uzi. Ukiweka uzi mpya juu ya mfereji uleule utarudi hapa kuniuliza tena.

Mzee wa Molo

Niongeze neno kuhusu foili ya Konda. Binti yangu, madirisha yako ni akriliki. Ukiziba kabisa kwa kitu kinachorudisha mwanga, ukaegesha juani mchana kutwa, joto linanaswa kati ya foili na dirisha na akriliki inaweza kujipinda. Hata hayo mapazia yako ya mikunjo, mchana wa jua kali acha upenyo kidogo, hewa ipite. Na madirisha usiyasafishe kwa dawa ya vioo vya nyumba, nyingi zina amonia au spiriti. Utaona nyufa ndogondogo kama za barafu na hazitoki tena. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, basi.

Foili iweke kioo cha mbele, hicho ni kioo kweli. Na ikiwezekana iwe ya kuvaa nje, ifungwe kwenye milango. Ikiwa nje jua linazuiwa kabla halijaingia. Ikiwa ndani joto limeshapita kioo, unabaki nalo. Huku kwetu Molo nailaumu baridi, si jua, lakini ya nje inasaidia hapo pia: asubuhi kioo hakitoi jasho la kumwagikia dashibodi.

Konda Mstaafu

Mzee umenishusha stendi mchana peupe. Nakubali kuhusu akriliki. Lakini usiku foili haina hatia.

Mzee wa Molo

Usiku haina hatia.

Nyar Dunga

Na kwa kuwa unakuja huku: mstari wa ikweta unapita Maseno, sisi tuko chini yake kidogo tu. Jua letu linachomoza karibu na mashariki kabisa na kuzama karibu na magharibi kabisa, mwaka mzima halihami sana. Kwa hiyo ukiegesha, pua ielekee mashariki. Madirisha marefu ya ubavuni yatatazama kaskazini na kusini, na lile jua la saa kumi jioni, ambalo ndilo baya, litapiga mgongo wa gari. Pazia lako litafanya nusu ya kazi. Nashangaa wenye magari haya wanavyohangaika na vitambaa vya bei wakati wangegeuza tu usukani.

Unyevu wa ziwani ni jambo jingine. Mapazia ya mikunjo yakikaa yamekunjwa na maji ndani yanaota ukungu, madoa meusi yasiyotoka. Ukiamka na matone dirishani, panguza, pazia lifungue lote likauke, ndipo ulikunje.

Lanet Barabarani

Jamani, la mezani limekwisha! Uzi nilipata kwa mama anayeuza mapazia ya ofisini, alikuwa na mwembamba chini ya kaunta ambao hauulizwi na mtu. Kipete cha pembe ya kushoto kilikuwa na mfereji kama alivyosema Bisibisi. Sikuwa na kingine, nikakigeuza upande usioliwa. Linapanda, linashuka, linakaa. Likifika juu kabisa linainama kama upana wa kidole, nimeliacha kwanza. La kitandani lilikuwa kukaza tu.

Tatizo jipya: nilipokuwa narudisha fremu, skrubu mbili zinazunguka tu, hazishiki. Mzee anataka kuweka ndefu zaidi.

Bisibisi

Mzuie mzee! Ukuta wa kampavani ni ubao mwembamba, nyuma yake sponji ya kuzuia baridi, halafu bati la nje. Na humo katikati nyaya zinapita. Skrubu ndefu itakutokea nje au itapata waya. Chukua njiti za kiberiti, vunja vichwa, chovya kwenye gundi nyeupe ya mbao, zijaze kwenye tundu, ziache zikauke mpaka kesho. Kata zilizochomoza, rudisha skrubu zilezile kwa bisibisi ya mkono. Mashine ya kufungia skrubu iache kwenye boksi.

Na huo mwinamo wa kidole: uzi mmoja umevutwa zaidi kuliko mwenzake. Legeza ule unaoanzia pembe ya juu ya upande uliopanda, kidogo sana, chini ya unavyodhani.

Lanet Barabarani

Mzee amesoma, amenuna, amekwenda kununua kiberiti. Shona Twende, bado upo? Nahitaji la jikoni na kizuizi cha kutenganisha viti vya mbele na nyuma. Fremu ya jikoni naibakisha kwa ajili ya neti, pazia lenyewe ndilo natoa.

Shona Twende

Nipo, na sina kinyongo. Neti sikuifikiria, Bisibisi kanishinda hapo.

La jikoni nitakushonea fupi, la pamba, lisifike kwenye jiko. Poliesta karibu na moto inayeyuka na kudondoka, sikufanyii hiyo hata ukinilipa mara mbili. Liwekee waya juu na waya mwingine chini. Ukuta wa gari umeinamia ndani, pazia la waya wa juu peke yake litaning'inia mbali na dirisha na kila kona litakupiga usoni ukikaanga mayai. La mbele tutalitundika kwenye reli, lifungwe kwa mkanda na velkro kila upande, lisimfuate dereva akiwa njiani.

Upana nipimie sehemu tatu, juu, katikati na chini, usinipe namba moja ukadhani inatosha. Kwa la jikoni niongezee nusu ya upana ili lipate mikunjo. Kitambaa njoo uchague mwenyewe, nina cha kijivu na kile cha maua ambacho wenye mabasi wamekikataa. Jumamosi usije, nina basi zima la shule. Jumatatu asubuhi.

Konda Mstaafu

Chukua cha maua.