Nakala moja ya Dracula, wasomaji wengi: tuigawane vipi?

Msomaji wa Wete:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Hapa Wete tuna kikundi kidogo cha wapenzi wa riwaya, wengi wetu tukiwa walimu wa skuli, na huwa tunakutana barazani baada ya sala ya isha kuzungumzia kitabu tulichokubaliana. Safari hii tumepata nakala moja tu ya Dracula, riwaya ya Bram Stoker juu ya mnyonya damu, iliyotoka mwaka 1897, aliyotuletea jamaa yetu kutoka Muscat. Mimi nimekwisha kuisoma na natamani wenzangu wote waipate, lakini tukipokezana mmoja mmoja, wa mwisho ataifikia wakati wa mwanzo ameshasahau hata majina ya wahusika. Mmoja wetu amependekeza tuipeleke kwenye duka la fotokopi tutoe nakala nzima nzima, na mwengine amemkatalia akisema huo ni wizi wa haki ya mwandishi. Isitoshe, wapo wanaonung'unika kwamba hii ni hekaya ya mashetani tu, haina historia ndani yake. Naomba ushauri wenu juu ya njia ya kuisambaza, na pia juu ya namna ya kuwaeleza hawa wanaonung'unika bila ya kuwamalizia utamu.

Mpenda Vitabu, Vuga:

Waaleikum salaam, Maalim. La haki ya mwandishi lisikushughulisheni. Stoker alifariki mwaka 1912, na hata katika nchi zinazoilinda kazi ya mwandishi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, muda huo ulikwisha zamani. Matini ya asili ya Kiingereza ni mali ya kila mtu, na maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg inaitoa bure, kwa hiyo wenye simu wanaweza kuipakua bila ya kuligusa hilo duka la fotokopi. Lakini kama nakala yenu ina utangulizi, maelezo au michoro ya mhariri wa siku hizi, hivyo vina mwenyewe, na visiingie kwenye mashine.

Kuhusu kugawana, muundo wa riwaya yenyewe unakupeni njia. Haina msimulizi mmoja: imejengwa kwa shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti, kila kimoja na tarehe yake, kuanzia tarehe 3 Mei, wakili kijana Jonathan Harker anapofika mji wa Bistritz huko Transylvania, hadi tarehe 6 Novemba. Mimi ningewataka wote wasome sura nne za mwanzo, ambazo ni shajara ya Harker peke yake katika safari na katika ngome ya Dracula, kisha kila mtu akabidhiwe karatasi za mhusika mmoja: huyu achukue za Daktari Seward, yule za Mina, mchumba wa Harker, na mwengine barua za Lucy, shoga yake Mina. Mkikutana barazani, kila mmoja aeleze anachokijua mhusika wake, na hapo ndipo mtakapogundua kwamba hakuna hata mmoja mwenye kisa kamili mkononi.

(Ambaye hajasoma aikiuke aya hii.) Ndivyo wanavyofanya wahusika wenyewe. Mina anazikusanya karatasi zote, anazipiga taipu na kutoa nakala zaidi ya moja, na kila mtu anazisoma kabla ya kuchukua hatua yoyote. Baadaye mnyonya damu anaingia katika chumba cha Seward na kuuchoma moto mswada wote pamoja na sauti zilizorekodiwa, naye anafikiri amewamaliza, kumbe nakala nyengine imefungiwa katika kasha la chuma. Kwangu mimi hiyo ni hoja tosha ya kutokutegemea kitabu kimoja cha kupokezana.

Bint Mkoani:

Naomba niingie upande wa historia, ambao ndio ninaoupenda zaidi. Kwanza tuwe waangalifu tunapoiita riwaya ya kihistoria. Ilipotoka ilikuwa riwaya ya wakati wake, yenye taipureta, ratiba za treni, kamera ya Kodak na kinasa sauti ambacho Seward anakitumia kuhifadhi shajara yake. Ni sisi tunaoisoma leo ambao imetugeukia historia. Wenzako wa hapo Wete wakumbushwe kwamba mwezi wa Mei 1897, kitabu hiki kilipotoka London, hapakuwa hata na mwaka tangu manowari za Kiingereza zilipoipiga mizinga kasri ya Sultani mjini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, na ilikuwa chini ya miezi miwili tu baada ya Sultani Hamoud kutia saini amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya kisheria. Dola hiyo iliyokuwa ikipiga mizinga huku ndiyo hiyo inayosawiriwa kule kwao ikiogopa mgeni mmoja anayenunua nyumba karibu na London.

Historia ya pili ni ya imani yenyewe ya maiti wanaofufuka kunyonya damu. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo nchini Serbia, wakati huo kikiwa chini ya Austria, wanakijiji walimfukua marehemu Petar Blagojević wakimtuhumu kuwa anawaua watu usiku, wakamchoma kigingi na kumtia moto. Afisa wa serikali aliyekuwapo aliandika ripoti, na ripoti hiyo ikachapishwa gazetini mjini Vienna. Mwaka 1732 ikafuata ripoti ya matabibu wa jeshi juu ya Arnold Paole, na Ulaya nzima ikaanza kubishana. Hatimaye mwaka 1755 Maria Theresa, malkia aliyeitawala Austria, alimwagiza tabibu wake, Gerard van Swieten, alichunguze suala hilo, na baada ya hapo akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti. Mnyonya damu wa ripoti hizo alikuwa maiti ya mtu wa kijijini, aliyevimba na mwenye damu mdomoni. Cheo cha ubwana, mavazi mazuri na kasri alipewa na waandishi, kuanzia hadithi ya John Polidori ya mwaka 1819.

Wengine watakuuliza habari za Vlad, mtawala wa Wallachia katika Romania ya leo, yule aliyepigana na Sultani Mehmed wa Pili mwaka 1462. Waambie Stoker alilichukua jina na majigambo machache ya vita dhidi ya Waturuki, basi. Jina alilikuta mwaka 1890 katika kitabu cha William Wilkinson kwenye maktaba ya Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, na Transylvania yenyewe hakuwahi kukanyaga. Mwalimu wa bayolojia, kama mnaye, mpeni sehemu ambayo Lucy anatiwa damu ya wanaume wanne, mmoja baada ya mwengine, bila ya mtu kupima chochote. Makundi ya damu yalielezwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, miaka minne baada ya riwaya kutoka. Nilipoifika sehemu hiyo nilimwonea huruma Lucy kwa sababu ya madaktari wake kuliko kwa sababu ya adui yake.

Mzee wa Michenzani:

Nimefaidika na maelezo ya Bint Mkoani, lakini sikubaliani na Mpenda Vitabu kuhusu kugawa karatasi kwa wahusika. Stoker hakupanga vipande kwa kufuata kalenda. Shajara ya Harker inatuacha tarehe 30 Juni, yeye akiwa amejitolea kushuka ukuta wa ngome, na ukurasa unaofuata ni barua ya Mina ya tarehe 9 Mei, kisha Lucy anamhadithia shoga yake habari za wachumba. Msomaji anabaki kwenye roho juu, hajui Harker yu hai au la. Mkigawa kwa mhusika au kwa tarehe, mnaipoteza kazi ya mikono ya mwandishi. Someni nyote sura zile zile, kwa mpango wake.

Pia msiwafanye wenzenu waamini kwamba khofu ya kunyonywa damu ni ya Ulaya pekee. Zama za ukoloni, uvumi wa mumiani ulitanda Afrika Mashariki, na huko Nairobi na Kampala waliotuhumiwa ni wazimamoto. Tofauti yake ni kubwa na inafaa mjadala wa usiku mzima: mumiani hakuwa maiti wala bwana wa ngome, alikuwa mtu aliye hai, mwenye ajira, anayefanya hivyo kwa ujira wa wakubwa. Ila popobawa wa mwaka 1995, ambaye watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa kumwogopa, msimchanganye humo, kwani hakusifika kwa kunyonya damu.

Msomaji wa Wete:

Ahsanteni sana nyote. Nimeshawishika na Mzee kwamba tuufuate mpango wa kitabu, na nimeshawatumia wenzangu matini ya bure ili kila mtu awe na yake. Nimebakiwa na suala dogo. Baadhi yetu Kiingereza cha karne ya 19 kinawachosha, na nimefikiria tukiwa barazani tusome sehemu moja kwa sauti huku tukiifasiri papo kwa papo. Ni sehemu ipi isiyohitaji maelezo mengi?

Bint Mkoani:

Sura ya saba, daftari la nahodha wa jahazi la Demeter lililotoka Varna na shehena ya mchanga na makasha ya udongo. Sentensi zake ni fupi fupi, kwa sababu nahodha anaandika juu juu kila anapopata nafasi. Mabaharia wanapotea mmoja mmoja, zamu ya usiku inakwenda kupokewa na aliyekuwa zamu hayupo, msaidizi wa nahodha anashuka ngamani na sanduku la zana na taa kisha anapanda akipiga mayowe na kujitosa baharini, na nahodha anaishia kujifunga mikono kwenye usukani ili asiuache. Watu wa Wete hawahitaji kuelezwa maana ya usukani usio na mtu. Waambieni tu mapema kwamba mkononi ana msalaba, kama walivyo wahusika wengine katika riwaya nzima, ili asije mtu akanyanyuka katikati ya usomaji.