Modeli ya Hodgkin-Huxley inanipa NaN (yaani "si namba"), nimekwama wakuu

bob_neva: Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya kuonyesha ayoni za sodiamu na potasiamu zinavyopita kwenye chaneli za utando wa neva, nimeandika kodi ya Python kwa ile milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya 1952, naanza na volti ya utando V = -65 (milivolti), mkondo 10, hatua ya muda dt = 1 (milisekunde), nikiran tu hatua chache za mwanzo halafu NaN mpaka mwisho wa faili, nimekagua mabano usiku kucha sioni kosa. Swali la pili msinicheke, hiyo n ya geti za potasiamu kwa nini ina kipeo cha 4, si ingebaki n tu?

kikokotoo: dt hiyo mkuu. Utando una mikrofaradi 1 kwa sentimita ya mraba, we unasukuma mikroampia 10, maana yake V inapanda milivolti 10 kila milisekunde, hatua ya kwanza tu ushatoka -65 umetua -55, pale pale geti za sodiamu zinapoamka, hatua zinazofuata unapitiliza mbaya mpaka exp inalipuka. Weka 0.01.

mama_kalkulasi: Na hapo -55 pana shimo lingine. Alfa ya n (kasi ya geti kufunguka) juu ina V+55, chini ina 1 kutoa exp ya -(V+55)/10, ukitua -55 kamili unapata 0 kwa 0. Alfa ya m, ile ya geti za sodiamu, nayo hivyo hivyo kwenye -40. Weka if, ukikaribia sana hapo n irudishe 0.1 na m irudishe 1. Mimi ilinitesa nilipochora alfa kuanzia -100 hadi 50 kwa kuruka moja moja, grafu ikatoka na mapengo mawili, nikailaumu skrini.

ngisi_mkavu: Kuhusu kipeo: chukulia chaneli ya potasiamu ina geti 4, na ayoni haipiti mpaka zote ziwe wazi kwa pamoja. Kila moja ina uwezekano n wa kuwa wazi, basi unazidisha n mara nne. V ikiwa -65 n ni kama 0.32, ukiipa kipeo cha 4 unabaki na 0.01, yaani asilimia 1 tu ya ile 36 (upitishaji wa juu kabisa wa potasiamu) ndo inapitisha. Ndo maana potasiamu inachelewa kuanza kutoka halafu ikishika inashika kweli. Wale jamaa walipata 4 kwa kulinganisha hesabu na vipimo vya neva ya ngisi, chaneli yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona, na Huxley alikokotoa kwa mashine ya kuzungusha na mkono! 1998 ndo timu ya MacKinnon ikaonyesha umbo la chaneli ya potasiamu ya bakteria, vipande 4 kweli. Ila ile m kipeo cha 3 ya sodiamu usiichukulie kihivyo, huko ni namba iliyokaa vizuri kwenye vipimo basi.

bob_neva: Dah, imekubali!! dt 0.01 na zile if mbili, sasa inapiga spaiki (V inaruka juu na kushuka ghafla) kila milisekunde 15 hivi. Ila ya kwanza inapanda juu kuliko zinazofuata, nimekosea tena?

kikokotoo: Hapana iko sawa. Ya kwanza imetoka kwenye utulivu, h (sehemu ya chaneli za sodiamu ambazo hazijazimwa) iko 0.6. Zinazofuata zinaikuta h haijarudi yote na n bado iko juu. Chora h na n chini ya V utaona mwenyewe.