micro:bit, Raspberry Pi au Arduino kwa darasa la watoto 30?

Mwl_Tehama: Habari wanajukwaa. Watoto ni 30, miaka 9 hadi 12, hawajawahi kuandika programu. Kompyuta mpakato zipo 15, za zamani, na intaneti inakatika-katika. Kati ya bodi hizi tatu ndogo za kufundishia programu, ipi inafaa, na huwa zinasumbua wapi?

Fundi_Saketi: Mwalimu, kwa umri huo chukua BBC micro:bit toleo la 2. Vifaa vya masomo ya kwanza vyote vimo kwenye bodi yenyewe: taa 25 za LED, vitufe A na B, kihisi cha mwendo, dira, spika na maikrofoni. Mtoto haungi waya hata mmoja. Anapanga vipande vya maelekezo kwenye MakeCode, programu ya kuandikia micro:bit, anavijaribu kwenye bodi ya mfano iliyoko kwenye skrini, kisha anapakua faili ya .hex na kuiburuta hadi kwenye diski inayojitokeza kwa jina MICROBIT. Intaneti isikutishe, ipo programu ya MakeCode ya kusakinisha kwenye Windows. Watoto wawili bodi moja: nunua 15 na 3 za akiba.

Adui mkubwa ni kebo. Kebo nyingi za simu ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data. Bodi inawaka lakini diski haionekani, na mtoto anaamini bodi imekufa. Jaribu kila kebo kabla ya somo, zinazofaa zifunge utepe wa rangi. Diski ikija na jina MAINTENANCE, kitufe cha nyuma kilikuwa kimebanwa wakati wa kuchomeka. Chomoa, chomeka tena bila kukigusa.

Pini40: Naafiki, maana kompyuta tayari zipo. Zisingekuwepo ningesema Raspberry Pi, kwa kuwa hiyo ni kompyuta kamili, yenye lugha za programu za Scratch na Python zisizohitaji intaneti. Ila kila moja inataka skrini, kibodi, kipanya na kadi ya microSD. Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3. Ukiipa chaja dhaifu ya simu, alama ya radi inatokea kwenye skrini na mashine inazubaa. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika, kwa hiyo weka kadi ya akiba iliyonakiliwa. Tena pini zake za kuungia waya ni za volti 3.3, ukiingiza 5 unaiunguza.

Bi_Rezista: Arduino Uno iacheni kwanza. Ni nzuri sana kwa kufundisha saketi, lakini lugha yake ni ya jamii ya C++, na nukta-mkato moja ikisahaulika programu nzima inagoma. Mtoto wa miaka 9 atakata tamaa kabla taa haijawaka. Bodi zake za kunakili nyingi zina chipu ya USB iitwayo CH340, na kompyuta ya zamani haiitambui mpaka usakinishe draiva, yaani programu ya kuitambulisha. Kwa wakubwa kidogo ningependelea Raspberry Pi Pico, ambayo ni bodi ndogo tu, si kompyuta kamili: unaandika MicroPython (Python ya bodi ndogo) kupitia programu ya Thonny, na mara ya kwanza unachomeka huku umebana kitufe cha BOOTSEL. Chukua Pico H, pini zake zimeshalehemiwa.

Mwl_Tehama: Ahsanteni sana. Wakitaka kuunga mota ya servo kwenye micro:bit?

Fundi_Saketi: Usiilishe kutoka pini ya 3V. Servo inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mwingi kwa ghafla, volti zinashuka, bodi inajiwasha upya katikati ya kazi, na watoto wanaanza kusaka kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Ipe servo betri zake, kisha unganisha GND (upande hasi) ya betri hizo na GND ya bodi. Waya huo wa GND ndio unaosahaulika. Bila huo servo inatetemeka tu au haisogei kabisa.

Pini40: Na siku ya somo la redio, bodi zinapotumiana ujumbe bila waya, kila jozi ipe namba yake ya kundi, kuanzia 0 hadi 255. Bodi zote zikibaki kundi moja, ujumbe wa jozi moja unapokelewa na darasa zima.