Watahini na watu wa saiba, mnatuharibia marejeleo!

Huu uzi unawahusu wote wanaogusa tasnifu za uzamili, Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko huku kwetu.

Mwongozo wa tasnifu unasema tufuate APA, mtindo wa kunukuu na kuandika marejeleo, toleo la 7. Toleo hilo lilitoka mwaka 2019 na likaondoa mahali pa uchapishaji. Basi mbona tasnifu zinarudishwa na wino mwekundu: "andika Nairobi kabla ya mchapishaji"? Hiyo ni kanuni ya toleo la 6, la mwaka 2009! Na kazi ya waandishi watatu? Toleo la 7 linataka jina la kwanza na "et al." tangu mara ya kwanza. Mtahini bado anadai wote watatu.

Angalieni madhara yake. Mwanafunzi anaongeza "Nairobi" kwa mkono kwenye orodha. Akiingiza rejeleo jipya, Zotero, programu ya kupanga marejeleo, inaiandika orodha upya na kila "Nairobi" inafutika. Anakimbilia saiba, na huko wanabonyeza Unlink Citations. Hapo viungo vyote kati ya hati na Zotero vimekatwa na kubaki maandishi matupu, wala havirudi. Kesho akifuta aya ya sura ya 2, rejeleo lake linabaki yatima kwenye orodha, naye mtahini yuleyule anauliza limetajwa wapi. Inakera mno!

Kama mtahini hakubali kabisa, usiguse orodha. Pakua mtindo wa APA toleo la 6 kutoka hazina ya mitindo ya Zotero, kisha ubadilishe mtindo kwenye mipangilio ya hati ndani ya Word. Hati nzima inajirekebisha. Kukata viungo ni kazi ya siku ya mwisho kabisa, na kwenye nakala tu.

Kuna makosa mengine ambayo ni yetu wenyewe. "(Statistics, 2019)" imejaa kwenye tasnifu zinazonukuu sensa, kwa sababu Kenya National Bureau of Statistics imeingizwa kama mtu mwenye jina la ukoo Statistics. Bonyeza kialama kilicho kando ya jina la mwandishi ili visanduku viwili viwe kimoja, kisha uandike jina zima la taasisi. Vichwa navyo vihifadhiwe kwa herufi ndogo, isipokuwa neno la kwanza na majina maalumu: mtindo unaotaka herufi kubwa utazikuza wenyewe, lakini APA haitazipunguza. Kitabu cha Kiswahili kiandikie "sw" kwenye sehemu ya lugha, la sivyo mtindo wa Chicago utakuza kila neno kana kwamba ni Kiingereza.

Usiweke folda ya Zotero ndani ya OneDrive au Dropbox; hifadhidata huharibika. Ukitaka nakala ya akiba, funga programu kwanza, ndipo unakili folda yote kwenye flashi.

Wasimamizi, mkitaka kuandika maoni, ombeni PDF. Faili ya Word ikipitia Google Docs na kurudi, viungo hukatika. Na kila idara itoe ukurasa mmoja wa mifano: kitabu, sura ya kitabu, makala ya jarida, ripoti ya serikali, gazeti, pamoja na namba ya toleo. Watahini wote wautie sahihi kabla hawajashika kalamu nyekundu.